Kumfundisha mtafiti wa insia mbinu za kidijitali: mwongozo kamili kwa mkufunzi

Warsha yangu ya kwanza niliiandaa kwa madaha. Siku tatu za Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, washiriki ishirini, wengi wao wanahistoria na wanafasihi, na slaidi zaidi ya mia. Asubuhi ya kwanza yote iliishia kwenye kusakinisha programu. Siku ya pili tulihesabu maneno ya riwaya ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa akiitafiti. Siku ya tatu watu wakapiga picha ya pamoja, wakachukua vyeti, wakatawanyika. Mwezi mmoja baadaye nikawaandikia kuuliza nani ameutumia ujuzi ule. Alijibu mmoja tu, naye alijibu kwa swali: "Mwalimu, nina picha mia nne za barua za zamani kwenye simu yangu. Yale uliyotufundisha yanaweza kunisaidia kujua nani alimwandikia nani?"

Hayakuweza. Yeye alihitaji jedwali, utaratibu wa kutaja mafaili, na mtu wa kumwambia afanye nini na barua zisizo na tarehe. Mimi nilikuwa nimemfundisha kuandika msimbo wa kuhesabu maneno. Tangu siku hiyo sijaanza warsha kwa programu. Naanza kwa mizigo ya watu. Hatua zinazofuata ndizo ninazozitumia sasa, na zinamfaa yeyote anayepangiwa kuwafundisha watafiti wa historia, fasihi, isimu, falsafa au elimu ya dini, awe mkutubi, mhadhiri au fundi wa kompyuta.

Hatua ya kwanza: omba vielelezo kabla hujapanga ratiba

Wiki nne kabla ya warsha, mtumie kila mshiriki maswali matano. Una nini mkononi: karatasi, picha, rekodi za sauti, matini yaliyokwisha kuchapwa, au wazo tu? Vitu hivyo ni vingapi? Unataka kujua jambo gani ambalo kwa kusoma kwa macho tu hutalijua, au litakuchukua miaka? Nani mwenye haki juu ya vitu hivyo? Na kompyuta yako je, unaruhusiwa kusakinisha programu bila kumwomba fundi wa ofisi nywila?

Swali la tatu ndilo la kulisimamia. Wengi watajibu, "Nataka kujifunza mambo ya kidijitali." Jibu hilo lirudishe kwa upole. Anayeandika kwamba anataka kujua jinsi wanawake wanavyosawiriwa magazetini bado yuko mbali. Msaidie ashuke hadi kwenye kitu kinachohesabika: je, majina ya wanawake yanatajwa peke yake au yakiambatana na jina la mume, na mtindo huo ulibadilika lini? Mazungumzo mawili matatu ya barua pepe yanatosha kumfikisha hapo, na yana faida kuliko nusu siku ya mihadhara.

Mwombe pia akutumie vielelezo ishirini vya alichonacho, kama vilivyo. Utapokea picha zilizopigwa upande, kidole kikionekana pembeni, na mafaili yenye majina ya tarakimu tupu kama kamera ilivyoyaita. Usivisafishe. Uchafu huo ndio utakaoufundishia.

Katika hatua hii utawagundua pia wasiohitaji warsha. Mtu mwenye barua kumi na mbili na azisome. Jedwali halitamwonyesha kitu ambacho jioni mbili za kusoma kwa utulivu hazitamwonyesha. Mwambie hivyo. Wakufunzi wengi huona aibu kusema maneno haya, labda kwa kuhofia idadi ya washiriki kupungua.

Hatua ya pili: oanisha swali na zana, kisha punguza

Ukishayapata maswali, yapange kwa aina. Anayeuliza nani alihusiana na nani atahitaji jedwali la mahusiano, na baadaye Gephi, programu huria ya kuchora mitandao iliyoanzia Ufaransa mwaka 2008. Anayeuliza wapi atakwenda kwenye QGIS, programu ya kuchora ramani ambayo imekuwapo tangu 2002. Anayefuatilia maneno na maana zake atapewa AntConc, iliyotengenezwa na Laurence Anthony wa Chuo Kikuu cha Waseda huko Japani, au Voyant Tools ya Stéfan Sinclair na Geoffrey Rockwell. Mwenye kuhariri muswada kwa kina, akitaka kuonyesha palipofutwa na palipoongezwa, ataingia katika miongozo ya TEI, ya kuweka alama ndani ya matini ya kidijitali, ambayo wataalamu walianza kuijenga mwaka 1987. Anayezama kwenye marejeo ni wa Zotero. Anayetaka kuuonyesha umma mkusanyiko wa picha na maelezo yake ni wa Omeka.

Kisha punguza bila huruma. Kwa siku tatu, zana tatu zinatosha, na moja kati ya hizo lazima iwe ya majedwali. Najua kishawishi cha kuonyesha kila kitu. Ukikifuata, washiriki wataondoka na orodha ya majina ya programu, nayo wangeweza kuipata bila kusafiri.

Zoezi moja la kuandaa sasa, la kufungulia siku ya kwanza: chukua mradi mmoja mashuhuri, muuvunjevunje pamoja. Mimi hutumia Old Bailey Online, iliyofunguliwa mwaka 2003, yenye kumbukumbu za kesi 197,745 zilizosikilizwa katika mahakama ya jinai ya London kati ya 1674 na 1913. Waulize washiriki mambo matatu tu. Malighafi ilikuwa nini? Ilifanywa nini? Inaonyeshwaje? Wanapofika kwenye swali la pili huwa wananyamaza, kwa sababu wengi hudhani mashine ilisoma kila kitu. Kumbe maandishi ya tangu 1674 hadi Oktoba 1834 yalichapwa kwa mikono mara mbili, na watu wawili tofauti, kisha nakala zikalinganishwa ili kunasa makosa. Kwa miaka iliyofuata, nakala moja ilichapwa na mtu, nyingine ikasomwa na mashine, zikalinganishwa. Hapo ndipo chumba kizima kinapotambua kwamba nyuma ya kisanduku cha kutafutia maneno kuna jasho la watu.

Hatua ya tatu: mitambo

Hapa sitakawia. Weka programu zote, za kila aina ya kompyuta, kwenye flashi tano na uzigawe. Intaneti ya ukumbini huanguka watu ishirini wanapopakua kitu kimoja kwa wakati mmoja. Voyant ina toleo linaloendeshwa ndani ya kompyuta bila mtandao, nalo liwemo. Waagize washiriki wasakinishe siku moja kabla, uwepo muda wa saa mbili wa kuwasaidia walioshindwa. Kwenye kila kompyuta, fungua mipangilio ili viambishi vya mafaili, kama .txt na .csv, vionekane. Jambo dogo hilo huokoa saa nzima ya "lakini mimi faili langu silioni."

Washiriki wasizidi kumi na watano, na kwa kila watano au sita awepo msaidizi mmoja anayezunguka. Kila mshiriki apewe vikaratasi viwili vya kunata vya rangi tofauti: kimoja hubandikwa nyuma ya kompyuta kazi ikienda sawa, kingine mtu akikwama. Mtindo huu umeenezwa na The Carpentries, mtandao wa wakufunzi wenye mizizi katika Software Carpentry ya mwaka 1998, na sababu ya kuupenda ni moja: profesa mwenye mvi haoni tabu kubandika kikaratasi, ila kunyanyua mkono mbele ya wanafunzi wake hathubutu.

Kutoka kwao chukua na desturi nyingine: usionyeshe slaidi za msimbo au vitufe, chapa na ubonyeze mbele yao, polepole, ukisema unachokifanya. Utakosea. Waache waone unavyolitafuta kosa.

Hatua ya nne: asubuhi ya kwanza ni ya mafaili na folda

Hili linawaudhi baadhi ya watu, wanaona wameitwa kufundishwa chekechea. Vumilia. Mtafiti asiyejua faili lake liko wapi hatafua dafu na zana yoyote itakayofuata, na vijana waliozoea simu wana tatizo hili kuliko wazee.

Waelekeze wafungue folda moja ya mradi, ndani yake tatu: ya asili, ya kazi, na ya matokeo. Folda ya asili haiguswi kamwe. Picha au nakala zikishaingia humo, kila marekebisho hufanywa kwenye nakala zilizo katika folda ya kazi. Kisha jina la faili. Lianze na kitu kisichobadilika, kama namba ya jalada la nyaraka, lifuate namba ya ukurasa iliyotanguliwa na sufuri (007, si 7, vinginevyo 10 itapangwa kabla ya 2), pasiwe na nafasi wala alama za ajabu. Tarehe ikitumika iandikwe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku: 1894-03-15. Ukipanga hivyo, kompyuta yenyewe itaziweka nyaraka kwa mfuatano wa wakati bila kuombwa.

Halafu nakala rudufu. Kanuni ya kawaida ni tatu, mbili, moja: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine kabisa. Usiihubiri. Wape dakika kumi na tano waifanye palepale ukumbini.

Hatua ya tano: jedwali, na hapa tulia

Kama ungenipa siku moja tu badala ya tatu, ningeitumia yote hapa. Ramani, mchoro wa mtandao, takwimu, vyote vinatoka kwenye jedwali, na jedwali baya huzaa mchoro mzuri wa uongo.

Anza kwa kuwapa karatasi na penseli. Kila mmoja achukue vielelezo vyake vitano na achore safu za jedwali kabla hajagusa kompyuta. Mstari mmoja unawakilisha nini? Swali hili linaonekana jepesi hadi mtu alijaribu. Kwa mwenye barua, je, mstari ni barua, ukurasa, au mtu anayetajwa? Barua moja inaweza kuwataja watu saba. Mstari ukiwa barua, hao saba watasongamana kwenye seli moja na hutaweza kuwahesabu. Hapo unaeleza kwamba majedwali yanaweza kuwa mawili, la barua na la watu, yakiunganishwa kwa namba ya barua. Umefundisha misingi ya hifadhidata bila kulitaja neno lenyewe.

Kanuni ya pili: seli moja, jambo moja. "Zanzibar au Mombasa, labda 1890" ni mambo manne. Mahali pa kwanza, mahali pa pili, mwaka, na kiwango cha uhakika, kila kimoja kina safu yake. Watafiti wa insia wanapenda alama ya kuuliza, na wana haki, kwa kuwa nyaraka za zamani zimejaa mashaka. Usiwafundishe kuyafuta mashaka ili kompyuta ifurahi. Wafundishe kuyapa safu yake.

Tarehe ndiyo mtego mkubwa. Programu ya Excel haitambui tarehe yoyote iliyo kabla ya 1 Januari 1900. Ukiingiza 15/3/1894 inaichukua kama maneno tu. Ukiingiza 15/3/1904 inaigeuza kuwa namba ya ndani na kuionyesha kwa sura ya tarehe. Safu moja inajikuta na vitu vya aina mbili, na ukiipanga inakwenda arijojo. Tiba ni kuacha kabisa kuitegemea programu: weka safu tatu za namba, mwaka, mwezi na siku, na ya nne ya tarehe kama ilivyoandikwa kwenye waraka. Ya nne hiyo ni muhimu kuliko inavyoonekana. Barua ya Kiarabu ina tarehe ya Hijria. Barua ya Kirusi ya kabla ya 1918 inafuata kalenda ya Julius. Uingereza, mwaka 1752, siku iliyofuata Septemba 2 ilikuwa Septemba 14. Ukihifadhi ulichobadilisha tu na kutupa kilichoandikwa, hakuna atakayeweza kukukosoa, na utafiti usiokosoleka ni mashaka matupu.

Seli tupu nayo ifundishwe. Tupu inaweza kumaanisha sijaangalia bado, nimeangalia haipo, ipo ila haisomeki, au haihusiki. Chagueni alama fupi kwa kila hali, mziandike kwenye faili la maelezo linalokaa kando ya jedwali. Na rangi za kupakia seli zipigwe marufuku: ukihifadhi jedwali kama CSV, yaani faili la maandishi matupu, rangi zinapotea zote, pamoja na maana uliyoificha ndani yake. Wakati wa kuhifadhi huko chagueni UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi za lugha zote, la sivyo herufi zenye alama, mathalani za Kifaransa, na mwandiko wa Kiarabu vitarudi vikiwa vinyago.

Mchana leteni OpenRefine, programu ya kusafisha majedwali. Programu hii ilitolewa mwaka 2010, ikapita mikononi mwa Google, na tangu 2012 inaendelezwa kwa jina hili na jumuiya ya watumiaji. Inafunguka kwenye kivinjari, kwa hiyo watu hudhani data yao imerushwa mtandaoni. Waonyeshe kwamba anwani inayosomeka ni ya kompyuta yao wenyewe, na uzime intaneti waone inaendelea kufanya kazi. Mtu mwenye nyaraka nyeti huhema hapo.

Zoezi lake ni majina. Ipe safu ya watu, iombe ikusanye yanayofanana. Njia ya kwanza huondoa alama, hugeuza herufi zote kuwa ndogo na kupanga maneno upya, hivyo "Ali, Juma" na "juma ali" yanakutana. Mohamed, Mohammed na Muhamad hayakutani kwa njia hiyo. Yanahitaji njia ya pili, inayopima ni herufi ngapi zibadilishwe ili jina moja liwe jingine. Washiriki wanashangilia, wanaanza kubonyeza "unganisha" kila mahali. Wasimamishe. Waulize: nani kasema Muhamad huyu na Mohammed yule ni mtu mmoja? Programu imeona herufi, haijaona watu. Mwanahistoria ndiye mwenye kujua kwamba mmoja alikuwa karani na mwingine nahodha, na hapa ujuzi wake wa miaka ishirini unarudi mezani. Mimi huwa nakaa katika mjadala huu hata saa nzima, na mara nyingi ndio unaokumbukwa.

OpenRefine huandika kila hatua uliyochukua, na orodha hiyo inaweza kuhifadhiwa kama faili. Iingie kwenye folda ya matokeo. Msomaji wa baadaye ataona ulichokifanya kuanzia data ghafi hadi hitimisho.

Hatua ya sita: kutoka picha hadi matini

Kwa waliokuja na kurasa zilizopigwa chapa, Tesseract, programu ya kugeuza picha ya maandishi kuwa matini, inatosha kuanzia. Ilizaliwa katika maabara za Hewlett-Packard kati ya 1985 na 1994, ikafanywa huria mwaka 2005, na ina data ya Kiswahili. Kwa mwandiko wa mkono inabidi kwenda Transkribus, iliyokulia Chuo Kikuu cha Innsbruck, Austria, au eScriptorium, ambayo ni huria lakini inataka fundi wa kuisimika. Zote mbili hufundishika: unaichapia mashine kurasa za mwandiko wako, inajifunza mkono huo. Transkribus hushauri kuanza na maneno kati ya 5,000 na 15,000 yaliyonakiliwa kwa usahihi. Mwenye tenzi za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu aelezwe mapema kwamba modeli ya Kiarabu haitamtosha, kwa kuwa kila mwandishi alikuwa na njia yake ya kuziandika sauti kama p, ch na v ambazo alfabeti ya Kiarabu haina.

Kabla hawajaanza kushangilia, fanyeni hesabu hii ubaoni. Mashine inayopatia herufi 95 katika kila 100 inasikika hodari. Chukulia makosa yametawanyika sawasawa. Neno la herufi sita litatoka salama kwa uwezekano wa 0.95 kuzidishwa kwa yenyewe mara sita, takribani 0.74, maana yake neno moja katika kila manne lina kosa. Kiswahili kinazidi kuumia kwa sababu maneno yetu ni marefu. "Hawakumwandikia" lina herufi kumi na tano, na uwezekano wa kutoka zima haufiki nusu. Usahihi ukipanda hadi 99, neno la herufi sita huharibika mara moja katika kumi na saba. Baada ya hesabu hiyo kila mmoja achague kurasa tano bila kupendelea, azisahihishe kwa mkono na kuhesabu makosa. Asipoijua namba yake, asiendelee.

Akili mnemba itaulizwa, hilo halikwepeki. Jibu langu ni kuwafanyia jaribio: wape ukurasa uleule, usomwe na Tesseract na usomwe na modeli ya lugha. Makosa ya Tesseract yanaonekana, ni takataka za herufi. Makosa ya modeli ya lugha yamevaa nguo safi. Pale isipoweza kusoma huweza kujaza neno linaloelekea, na sentensi ikateleza vizuri kabisa. Anayeitumia alinganishe na picha mstari kwa mstari, au aiache.

Hatua ya saba: kuyahoji matini

Fungueni AntConc, ingizeni matini ya Kiswahili, tafuteni neno penda. Yatakuja machache, na mtu ataanza kujenga hoja kwamba mwandishi huyu hazungumzii mapenzi. Ngoja aseme. Kisha muulize kuhusu anapenda, walimpenda, hatukupendana, sipendi. Kwa mashine kila moja ni neno jipya. Wekeni nyota mbele na nyuma ya shina, *pend*, mtafute tena: sasa yamejaa, pamoja na upendeleo na mapendekezo ambayo hakuna aliyeyataka, na bado mpenzi na mapenzi hayamo, kwa sababu d imekuwa z. Nusu saa hii hufundisha zaidi kuliko somo lolote la nadharia kuhusu kwa nini zana zilizoundwa kwa Kiingereza hazihamishiki kirahisi.

Zoezi la pili ni neno kaa. Orodhesheni mistari yote ambamo linatokea na muisome: yupo aliyeambiwa akae kitako, lipo kaa la moto, yupo kaa wa baharini. Idadi ilikuwa moja, maana ni tatu. Kwa Voyant tengenezeni pia orodha yenu ya maneno ya kuachwa (na, ya, wa, kwa, ni, za, katika), maana bila hiyo wingu la maneno litawaonyesha viunganishi vitupu. Ingawa, kusema kweli, mawingu ya maneno sijawahi kuyaona yakithibitisha kitu.

Na Python? Iko, na ina wakati wake: mtu anapokuta anarudia kitendo kilekile mara mia. Huyo atajifunza kwa shauku, tena upesi. Mpeleke kwenye Programming Historian, mkusanyiko wa masomo yaliyohakikiwa na wataalamu, ulioanza mwaka 2008 na sasa uko kwa Kiingereza, Kihispania, Kifaransa na Kireno. Leseni yake inaruhusu kutafsiri kwa sharti la kuwataja waandishi, kwa hiyo mkufunzi mwenye nafasi anaweza kuyaleta kwa Kiswahili somo moja moja.

Hatua ya nane: haki, ruhusa, majina

Kabla chochote hakijapandishwa mtandaoni, kila mshiriki ajibu maswali mawili kwa maandishi. Sheria inaniruhusu? Na wenyewe wananiruhusu? Ya pili haimo ndani ya ya kwanza. Rekodi ya bibi akisimulia matambiko inaweza kuwa halali kisheria na bado isiwe ya kumwagwa hadharani. Wasomeeni pamoja kanuni za FAIR za mwaka 2016, zinazohimiza data ipatikane na itumike tena, na za CARE za 2019, zinazouliza jamii zilizotoa data zinafaidikaje na zina mamlaka gani juu yake. Waache wabishane pale zinapogongana.

Suala la majina ni la zamani kuliko kompyuta zetu. Roberto Busa, padri Mjesuiti wa Italia aliyekwenda kampuni ya IBM mwaka 1949 kuomba mashine za kumsaidia kuorodhesha maneno ya Thoma wa Akwino, hutajwa kila mahali kama mwanzilishi wa fani hii. Maneno yalikuwa takribani milioni kumi na moja, na kadi za kuyaingizia kwenye mashine zilitobolewa na wasichana waliofunzwa kazi hiyo huko Gallarate, ambao kwa miongo mingi hakuna aliyejali kuwauliza walikuwa akina nani. Basi kwenye jedwali iwepo safu ya aliyenakili, na kwenye faili la maelezo majina ya wote waliotia mkono, wanafunzi wakiwemo.

Hatua ya tisa: miezi mitatu inayofuata

Warsha ikiisha kazi iko nusu, na bajeti nyingi hukomea hapo. Tenga muda wa kliniki sita, moja kila wiki mbili, saa moja na nusu. Sheria ya kliniki ni kwamba mtu haingii bila faili lililomkwamisha. Hakuna mada, hakuna slaidi. Kila mmoja awe na mwenzake kutoka warsha, wanaotazamiana majedwali. Aibu ya kumwonyesha mwenzako jedwali ambalo halijasogea ni kichocheo kizuri kuliko cheti.

Mwishoni mwa kliniki ya sita, kila mshiriki aweke kitu mahali pa kudumu, hata kama ni jedwali la mistari hamsini. Zenodo, hazina ya mtandaoni iliyofunguliwa mwaka 2013 na kuendeshwa na CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia, haitozi kitu na hutoa DOI, namba ya kudumu ambayo wengine watainukuu. Kwa wenye data nyeti, panaweza kuwekwa maelezo tu huku mafaili yakifungwa.

Kupima kama ulifaulu, achana na fomu za kuridhika. Zote husema warsha ilikuwa nzuri. Fungua folda zao. Je, ya asili haijaguswa? Kuna faili la maelezo? Jedwali limeongezeka mistari tangu siku ya tatu? Swali lililoandikwa kwenye barua pepe ya kwanza limebadilika?

Yule mwenye barua mia nne alirudi kwenye warsha yangu ya pili. Katika kliniki ya nne alinionyesha jedwali lake na safu moja ambayo sikuwa nimempendekezea, aliyoipa jina "mkono." Alikuwa amegundua, wakati wa kuifundisha mashine mwandiko, kwamba barua zenye majina ya watumaji kumi na wawili tofauti zilikuwa za mwandiko mmoja. Alikuwepo mtu aliyekuwa akiwaandikia wenzake. Swali la nani alimwandikia nani alishalifuta kwenye faili la maelezo, na juu yake alikuwa ameandika jingine: nani aliandika kwa niaba ya nani.